Kitanda ndani ya kabati la TV: uzoefu wangu na fundi wa Ngong Road

Naandika haya kwa kirefu kwa ajili ya mtu anayeishi na watoto kwenye nyumba ya chumba kimoja cha kulala hapa Nairobi. Nilipokuwa natafuta fanicha za kubana nafasi nilipata picha nzuri nyingi, lakini sikupata neno la mtu anayekitumia kitu chenyewe kila siku. Sisi ni wanne, tunakaa Umoja, ghorofa ya nne, na watoto wawili wanalala sebuleni. Godoro lao lilikuwa likitandikwa chini usiku na kusimamishwa nyuma ya mlango asubuhi. Mgeni akiingia, hilo ndilo analokutana nalo kwanza.

Niliwazungukia mafundi kadhaa pale Ngong Road, wanapoanika viti na makabati kando ya barabara. Karibu wote waliniuliza swali moja: ukuta una futi ngapi? Huyu niliyemchukua aliniuliza watoto hulala saa ngapi na nani hutandika kitanda, kisha akaomba aje aone nyumba. Alipofika hakutoa tepu. Alifungua mlango wa kuingilia mpaka mwisho, akafungua wa chumbani, akavuta kiti cha mezani nyuma kama mtu anayeinuka, akasimama katikati ya sebule akiangalia.

"Mama, usiku mtu akitoka chumbani kwenda choo, anapita wapi?"

Nikamwonyesha.

"Basi kitanda hakitashukia upande huu. Mtajikwaa gizani, halafu mtachoka kukifungua."

Hapo nikajua nimepata fundi. Fanicha ya kubana nafasi isipofuata mwendo wa watu wa nyumba, hata ingekuwa ya kupendeza namna gani, itaishia kuwa kabati la kuwekea nguo zisizopigwa pasi.

Alichotutengenezea ni kabati la TV lenye kimo cha futi 4 hivi, na ndani yake kuna kitanda cha 3½ kwa 6 kilicholala kwa ubavu. Vile vitanda vya ukutani vilivyopata jina kupitia Mmarekani William Murphy, kule San Francisco mwanzoni mwa karne ya 20, husimama wima na hutaka ukuta mrefu. Cha kwetu uzito wake uko chini, na juu ya kabati hapasogei kitu, kwa hiyo TV inabaki mahali pake kitanda kikishuka. Hili la TV nalisisitiza. Kama ingebidi kuhamisha kitu kila jioni, watoto wangerudi kwenye godoro la chini.

Uso wa kabati ndio unaonifurahisha zaidi. Mbele kuna ubao mmoja mpana ambao mistari yake inakwenda bila kukatika kutoka pembe hadi pembe, na kwa chini umepita mchirizi mwembamba wa mbao nyeusi kidogo. Unaonekana kama pambo. Ukivuta ubao, ule mchirizi unafunguka kwa bawaba na kuwa mguu wa kitanda. Jirani yangu alikaa kwa chai siku nzima ya Jumapili bila kujua kuna kitanda, mpaka mtoto alipokishusha.

Tena mtoto mwenyewe, wa miaka 7. Pembeni kuna bomba mbili za gesi, kama zile zinazoinua mlango wa nyuma wa gari, ndizo zinazobeba uzito. Fundi alikataa kuzinunua kabla hatujanunua godoro. Alieleza kwamba bomba huchaguliwa kwa uzito: zikiwa dhaifu kitanda kinaanguka kwa kishindo, zikiwa kali mno hakitulii chini. Godoro letu ni la inchi 6, zito kiasi. La inchi 8 halingeingia, kwa hiyo ukiagiza cha namna hii anza na godoro.

Kwa juu alilifunga kabati ukutani kwa boliti mbili, kwa sababu mtoto akining'inia linaweza kumwangukia. Omba ruhusa ya mwenye nyumba mapema. Wetu alikubali alipoelezwa ni matundu mawili. Na kila kitu kilikuja kwa vipande vya kuunganishwa kwa skrubu. Ngazi zetu ni nyembamba, kabati zima lisingepita. Siku tukihama, tutalifungua na kuondoka nalo.

Nilipotembea Lamu niliona zidaka kwenye nyumba za kale, yale matundu yaliyopangwa safu kwa safu ndani ya ukuta na kupambwa kwa nakshi. Vyumba vile ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, na wajenzi wakautumia unene wa ukuta wa mawe ya matumbawe kuweka vyombo bila kugusa sakafu. Kwetu huku ukuta ni mwembamba, wala si wetu wa kuchimba. Lakini akili ni ileile: kitu kinakaa mahali pake na kupendezesha chumba.

Kitu cha pili nilichoagiza ni benchi la maji. Maji yetu ni ya mgao, na mitungi ya lita 20 ilikuwa imejipanga ukumbini kama foleni. Nilitaka benchi lenye mfuniko wa kuinua juu. Fundi akaniambia nijaribu kuunyanyua mtungi uliojaa hadi usawa wa kiti, kilo 20 hizo, tena nimeinama. Akaweka milango mbele, mtungi unaburutwa tu. Alitumia mbao za saiprasi, si emdiefu (zile mbao za unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi), kwa sababu emdiefu ikinywa maji inafura na hairudi. Sakafu ya ndani ni vipande vyenye mianya, unyevu unatoka. Wageni hukaa hapo kuvua viatu.

Mtungi wa gesi nao nilitaka ufichwe ndani ya kabati la jikoni lililofungwa kote. Alikataa katakata, na namshukuru. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama chini, na ndani ya kabati lililozibwa inakusanyika mpaka cheche moja itoshe. Ametuachia pazia fupi, na chini pako wazi kabisa.

Kasoro zipo. Alichelewa kuleta kazi, na simu alikuwa hapokei kila mara. Nilikuwa nimelipa nusu kwa M-Pesa, kwa hiyo nililala na wasiwasi. Vanishi ilikuja haijakauka vizuri, tukafungua madirisha usiku kucha katika baridi ya Julai. Tena baridi hiyo ilitufunza kutofunga kitanda mara tu watoto wanapoamka: godoro likifungiwa na joto la mwili linaanza kunuka. Tunaliacha lipate hewa wakati wa chai, ndipo linapandishwa. Kitanda na kabati lake viligharimu Sh45,000 bila godoro, na hiyo si pesa ndogo kwa nyumba kama yetu. Lakini sebule ninayo mchana, watoto wanachezea sakafuni, na mama mkwe alipokuja alipata pa kuswalia bila kuruka kitu.

Mwezi ujao ninaagiza meza ya kukunja ya kusomea, ya kufungwa chini ya dirisha. Nimeshamwambia fundi asije asubuhi. Aje jioni, watoto wakiwa wamekaa na madaftari yao na mimi nikiwa napika, apime hapo.