Dubai kwa bajeti: Ulale Deira au Bur Dubai?

Kwanza eneo, hoteli baadaye. Hoteli nyingi za bei nafuu ziko pande hizi mbili za Khor, mkono wa bahari unaopita katikati ya mji, na bei hazipishani sana. Kokote ulipo, uliza kama bei imeshajumlisha ada ya utalii ya kila usiku.

Kwa mfanyabiashara, Deira inashinda. Mtaa wa Naif, soko la dhahabu na la viungo unafika kwa miguu, na ofisi za kago za kwetu zipo jirani. Usipokisikia Kiswahili ngazini, basi umepotea njia. Metro ya Red Line kutoka Terminal 1 na 3 za uwanja wa ndege inakushusha kituo cha Union, Deira, bila kubadili treni. Ila kelele! Niliwahi kupewa chumba cha juu ya uchochoro wa kupakia mizigo: utepe wa gundi ukichanwa kwenye maboksi hadi saa nane usiku. Omba chumba cha nyuma.

Bur Dubai ina utulivu kidogo, hasa Al Fahidi, na chakula cha Kihindi cha bei poa. Ukija na watoto, mimi ningelala huku. Sokoni unavuka Khor kwa abra, mashua ndogo ya abiria, dirham 1 tu, lakini jaribu kurudi nayo ukiwa na marobota matatu.