Kaunta buku la jalada gumu, kurasa 192: nililitumia tangu kutengana hadi talaka

Natoa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyoibania nitaieleza huko chini. Ni kaunta buku la kawaida la A4: jalada gumu, mgongo wa kitambaa, mistari ya buluu, pambizo nyekundu. Nililinunua wiki ileile mimi na baba watoto tulipokubaliana kila mtu akae kwake, na limenifaa mpaka talaka ilipotoka. Kazi yangu ni kutunza stoo. Vitabu vya mali inayoingia na inayotoka nimeviishi miaka mingi, ndiyo maana nilipotafuta cha kuandikia mambo yetu sikuhangaika na madaftari ya urembo.

Sifa yake kubwa ni mshono. Kurasa zimeshonwa kwa uzi kwanza, gundi ikafuata. Ukichana karatasi moja, pacha wake upande wa pili wa uzi unalegea, na yeyote anayelishika anagundua. Daftari la waya halina ulinzi huo. Leo unatoa karatasi, kesho unachomeka nyingine, na wakili wa upande wa pili atauliza hilo kabla ya lolote. Siku niliyolileta nyumbani niliandika namba kwenye pembe ya kila ukurasa, 1 hadi 192, kwa mkono. Ni kazi ya kuchosha na naipendekeza kwa kila mtu.

Karatasi yake inabeba kalamu ya bolpeni vizuri, wino hautokezi nyuma. Kalamu za jeli ziacheni, nyingi zinachuruzika zikipata maji. Mwanangu mdogo aliwahi kulimwagia kikombe kizima. Kurasa zilijikunja, maandishi yakabaki yote. Korekta pia sikuitumia. Nikikosea neno napiga mstari mmoja juu yake ili lisomeke bado, naweka saini ndogo pembeni, naendelea. Hivyo ndivyo leja inavyosahihishwa, na mahakamani hakuna aliyehoji kilichofichwa.

Sasa nielezee nilivyoliandika, maana daftari zuri lililoandikwa kwa hasira ni hasara. Kila tukio nililiandika usiku wa siku ileile: tarehe, saa, kilichotokea, nani alikuwepo, karatasi gani inathibitisha. Mwezi niliuandika kwa jina, kwa sababu 03/04 mmoja anaisoma tarehe 3 Aprili na mwingine 4 Machi. Saa niliandika tunavyoisema na simu inavyoionyesha, pamoja. Mfano:

"Jumamosi, 14 Juni 2025. Watoto walitakiwa kurudi saa 12 jioni (18:00). Nilimtumia ujumbe saa 1 usiku (19:00), akajibu saa 1 na robo (19:15) kwamba gari limeharibika. Wamefika saa 2 na dakika 40 usiku (20:40). Mdogo alikuwa hajala."

Basi. Usiku ule moyoni nilikuwa na mengine mengi ya kusema juu ya baba yao, na hayo nilimweleza dada yangu kwa simu. Kwenye daftari nilijua kila mstari unaweza kusomwa na hakimu, na baba yao mwenyewe pia, kwa sababu ukitegemea maandishi yako kwenye kesi, mara nyingi upande wa pili una haki ya kuyaona. "Amechelewa kwa saa 2 na dakika 40" inasimama yenyewe. "Hajali watoto wake" ni maoni yangu, na maoni yangu hakuna aliyeyaomba.

Niliandika na mema yake. Siku alizokuja kwa wakati, ada aliyolipa, siku aliyomkesha mtoto hospitalini na kulipia matibabu bila kuniambia nichangie. Kwangu hili ndilo lililolipa daftari uzito kuliko mshono na namba zote. Tulipofika kwa msuluhishi, wakili wa baba watoto alilipekua akitafuta ukurasa wa kunibana. Akakutana na ile siku ya hospitali, ambayo mteja wake mwenyewe alikuwa ameisahau. Msuluhishi akaniuliza, "Mama, haya unayaandika lini?" Nikamjibu, "Usiku wa siku ileile, watoto wakishalala." Akarudi nyuma kurasa kadhaa, akasoma kimya, na tangu hapo tarehe nilizotaja hazikubishiwa tena. Tukaingia moja kwa moja kwenye matunzo.

Nyota niliyoibania ni ya risiti. Halina mfuko. Ukibandika au kupiga stepla ndani, jalada linavimba na mshono unaanza kuvutika. Inabidi ununue faili la mifuko kando, na mtengenezaji angeweza kuweka bahasha moja tu kwenye jalada la nyuma akatuokoa. Mimi nilitumia mtindo wa stoo: kila risiti nikaipa namba juu, R1, R2, na kuendelea, kisha namba hiyo nikaiandika kwenye tukio lake. Ukisoma "dawa za mtoto, R17" unakwenda kwenye faili, unaikuta. Halafu jueni kwamba risiti nyingi za madukani hazina wino. Zimechapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, na zikikaa juani, kwenye joto au ndani ya baadhi ya plastiki, zinafifia mpaka zinakuwa nyeupe. Zitoleeni kopi siku hiyohiyo, au pigeni picha.

Simu haishindani na daftari hili, inalisaidia. Maongezi yetu ya WhatsApp niliyatoa yote kama faili la maandishi, kila ujumbe na tarehe na saa yake, nikajitumia kwa barua pepe. Picha za skrini peke yake hazitoshi. Zinakatwa katikati na hazionyeshi kilichotangulia. Na msingoje. Ujumbe unaweza kufutwa kwa wote, na mmoja wenu anaweza kuwasha ujumbe wa kutoweka, wa saa 24, siku 7 au siku 90. Zipo pia programu za wazazi waliotengana kama OurFamilyWizard, iliyoanza Marekani mwaka 2001, ambayo ujumbe ukishatumwa haubadilishwi wala haufutwi, na inaonyesha lini umesomwa. Ni wazo zuri sana, ila wazazi wote wawili lazima wakubali kuitumia, na sisi wakati ule hatukuwa tunakubaliana hata saa ya kuchukua watoto.

Kuhusu fedha, daftari ni la kukumbushia. Taarifa ya benki ndiyo inayosimama mbele, kwa hiyo ombeni malipo yapite benki au kwenye simu. Pesa taslimu ikipita mkononi, andikeni kiasi na wote wawili mtie saini papo hapo.

Dada au kaka unayeishi na mtu anayekupiga au anayekupekua, usiliweke daftari nyumbani. Liache kwa mtu unayemwamini, na kila ukurasa upige picha utume kwenye barua pepe ambayo mwenzako haijui, kisha ufute picha kwenye simu. Kama kuliandika tu kunakuweka hatarini, liache. Uhai wako kwanza. Na hata kama umeumizwa kiasi gani, usifungue simu yake kutafuta ushahidi. Nchi nyingi zinalihesabu hilo kuwa kosa, na litageuzwa dhidi yako.

Ukubwa: A4 haiingii kwenye mkoba mdogo, na hilo lilinisumbua siku za mahakama. Lipo na la kurasa 288, lakini ni zito, na kazini nimeona mishono yake ikichoka mapema. Kesi ikirefuka, nunueni la pili la kurasa 192, na kwenye ukurasa wake wa kwanza mwandike: "Daftari la 2, linaendelea kutoka daftari la 1."