Mkweche upi ununue kwa mbio za Tanga hadi Kigoma zisizokuwapo

Mbio zenyewe hazipo, tuelewane mapema, msije mkaniuliza fomu. Zilizaliwa Jumamosi moja chini ya mwembe wa gereji hapa Tanga, watu wanne tukisubiri fundi amalize kukata gasketi kwa mkasi. Kufika saa kumi jioni tulikuwa na masharti kamili. Magari yawe yametengenezwa kabla ya 1980. Njia ni Chalinze, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Tabora, kisha Kigoma; zaidi ya kilomita 1,000. Spea zote zienee kwenye kapu moja la ukindu. Kuvutwa kwa kamba ruksa, ila na gari zee kuliko lako. Atakayefika bila kuharibikiwa hata mara moja anaondolewa, maana huyo hakushindana, alisafiri. Zawadi ni jogoo.

Kilichobaki ni kununua gari, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Nimepewa kazi ya kuandika msimamo wa kijiwe, ingawa mengi humu ni msimamo wangu.

Kwanza, nunua bodi, usinunue injini. Injini ya zamani ni chuma na boliti. Silinda huchongwa, pistoni hubadilishwa, na fundi mwenye mikono ataiamsha. Kutu ya chesisi haina dawa ya bei rahisi. Huku Pwani hewa ya chumvi inakula gari hata likiwa limeegeshwa, kwa hiyo mkweche uliokaa juani Dodoma miaka 20 mara nyingi ni mzima kuliko wa Tanga uliopigwa rangi jana. Nenda na sumaku ndogo, ile ya spika mbovu. Ipitishe chini ya milango na kuzunguka matairi. Isiposhika, hapo pana puti, si bati. Dalali akisema sumaku yako ndiyo mbovu, muage.

Nayasema haya kwa uchungu. Gari langu la kwanza nililinunua kwa sauti ya injini, na kweli liliimba. Wiki ya tatu kiti cha dereva kilitoboa sakafu nikiwa nimekikalia, nikaiona lami katikati ya miguu yangu. Aina yake siitaji, kwa sababu aliyelinunua kwangu bado tunasalimiana.

Nafasi ya kwanza: Pijo 404

Hapa sitaki mjadala. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vilevile. Mara zote mbili zilikuwa mbio za Pasaka, masika yamekaba koo, na mara zote mbili aliyetangulia alikuwa ndani ya Pijo. Barabara ya Kigoma haiwezi kuiogopesha.

Gia ziko kwenye usukani, kwa hiyo mbele mnaenea watatu: dereva, fundi, na yule anayejua njia lakini hajui gari. Injini imelazwa ubavu nyuzi 45 kama mzee anayesikiliza redio, na ukifungua boneti mkono unafika karibu kila mahali. Kitu cha kuogopa ni difu, lile sanduku la gia katikati ya magurudumu ya nyuma. Gurudumu lake la ndani ni la shaba nyeusi, linazungushwa na skrubu ya chuma, na si la kuokotwa kila duka la spea. Liendeshe gari spidi 60, achia mafuta, sikiliza. Ukisikia mlio wa nzi aliyefungiwa kwenye chupa, punguza bei au shuka.

Ya pili: Pijo 504 ya safu tatu za viti

Ukiikosa 404, tafuta 504 ndefu, ile iliyobeba abiria Kenya kwa miaka mingi kati ya Nairobi na miji ya bara. 504 nayo ilishinda Safari, 1975 na 1978. Hii ndefu ina springi nne nyuma, mbili kila upande, na inabeba mzigo bila kukaa chini kama mbwa. Tumeiweka ya pili kwa kosa moja tu: ni starehe mno. Halafu kila kituo watu watakupungia mkono wakijua unapakia. Abiria hawaongezi pointi.

Ya tatu: Vokswageni ya mgongo wa kobe

Inapozwa kwa hewa. Haina rejeta, haina maji ya kuchemka, na kuanzia Manyoni kwenda mbele hilo si jambo dogo. Ilishinda Safari mwaka 1962. Injini iko nyuma na buti liko mbele, na ukisimama kijijini ukafungua boneti zikatoka nguo na mkungu wa ndizi, utapata watazamaji wa kutosha. Kwetu hizo ni pointi.

Kabla ya kulipa, zima injini, inama nyuma, shika puli kubwa ya chini kwa mikono miwili, sukuma na kuvuta. Ikicheza mbele na nyuma kwa mshindo unaousikia, injini imechoka ndani, hata kama inawaka kwa mguso mmoja. Mlima Sekenke, kati ya Singida na Nzega, utakumalizia.

Ya nne: Landrova 109

Itafika. Kiuno chako sina hakika. Bodi kwa sehemu kubwa ni ya aluminiamu, kwa hiyo sumaku yako haitashika sehemu nyingi, wala usimgombeze dalali. Chesisi ni ya chuma: lala chini ugonge kwa nyundo ndogo, hasa nyuma. Uliza hendeli ya kuwashia iko wapi. Betri ikifa Tabora, hendeli ndiyo ndugu yako.

Ya tano ni ya wenye roho ngumu: Renault 4 na Citroën 2CV. Antananarivo, Madagaska, zimepiga teksi miaka nenda rudi, huku kwetu ni za kutafuta kwa tochi, na nyingi zina usukani wa kushoto. Renault 4 ina umbali wa tairi la mbele na la nyuma usiolingana, upande mmoja unauzidi mwingine kwa karibu sentimita 5, na ilitoka kiwandani hivyohivyo. Fundi asiyejua hilo atakutoza hela ya ajali ambayo haijawahi kutokea. Hiyo 2CV ilichorwa ili ivuke shamba lililolimwa bila kuvunja mayai. Mayai yatapanda Sekenke salama. Nyinyi mtashuka mtembee.

Tuliyoikataa ni Datsun Violet, iliyoitwa pia 160J. Shekhar Mehta alishinda nayo Safari miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Anayeileta kwetu amekuja kutudhalilisha.

Karatasi sasa. Usifikirie kuagiza nje: Tanzania gari kuukuu lina ushuru wa uchakavu, na Kenya kwa kawaida haipokei mtumba uliozidi miaka 8. Nunua lililomo nchini. Soma namba ya chesisi kwa macho yako uilinganishe na kadi. Ukikuta kadi ina jina la marehemu, na kwa magari haya utakuta, usilipe hata shilingi mpaka uonane na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mjomba mwenye funguo si msimamizi.

Wala usione haya kununua lililotumika na mwingine. Volvo PV544 iliyompa Joginder Singh ushindi wa Safari mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, ilikuwa ya mkono wa pili.

Mpaka sasa tuliothibitisha kushiriki ni wawili: mimi, na mzee mmoja wa Pongwe mwenye Pijo iliyo juu ya matofali tangu mjukuu wake yuko darasa la pili. Mjukuu sasa ana watoto. Mzee ameomba mstari wa kuanzia uchorwe uani kwake.