Baiskeli ya masafa isiyoumiza mgongo: ipi ununue ukiwa Kisumu

Usianze na jina lililoandikwa kwenye fremu. Tazama lile bomba la mbele la fremu linalopitisha shingo ya foki, yaani ile panda inayoshika gurudumu la mbele. Likiwa fupi, usukani unakaa chini, na viganja na shingo vitakuuma kabla hujamaliza mpando wa Mamboleo kwenda Kiboswa. Likiwa refu, mgongo unainuka na matatu unaziona mapema.

Namba moja kwangu ni baiskeli ya masafa ya alumini: Giant Contend AR, Trek Domane au Cannondale Synapse. Magurudumu yake yameachana zaidi kidogo kuliko ya baiskeli ya mashindano, kwa hiyo haiyumbi ukiteremka. Chagua yenye breki za diski, maana hiyo huingiza tairi pana. Milimita 32 hukutuliza sana kwenye matuta. Nyuma pawe na gia kubwa ya meno 32 au 34, la sivyo milima ya Vihiga utaisukuma kwa mkono.

Ya pili ni baiskeli ya changarawe. Hii hubeba tairi ya milimita 40 na kutulia kuliko zote, ila kwenye lami ni nzito. Kama njia yako nyingi ni ya murram, ipandishe iwe ya kwanza.

Ya tatu ni ile ya zamani ya chuma, ambayo usukani wake huinuliwa kwa kulegeza bolti moja. Mwambie muuzaji ailegeze ukiona, kwa sababu kutu hugandisha kabisa shina la usukani, kile chuma kinachoshika usukani na kuingia kwenye foki. Usilivute kupita alama iliyochorwa. Kagua pia saizi ya rimu: inchi 27 si sawa na 700C, na tairi za inchi 28 za Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, haziingii kwenye yoyote kati ya hizo.

Ya mwisho ni ya mashindano, hata iwe nyepesi na bei nzuri. Shingo ya foki ikishakatwa hairefushwi. Angalia ringi za kupandishia usukani zilizo juu ya shina lake. Kama hakuna hata moja, usukani umeshafika mwisho wa kuinuliwa. Kaboni ya mitumba mimi siigusi, kwani ufa wake hujificha chini ya rangi.

Kabla ya kutuma M-Pesa, iendeshe robo saa, mikono ikiwa juu ya breki. Viwiko vikikataa kukunjika, hiyo ni ndefu kwako. Omba saizi ndogo.