Papers Past kwa anayetafuta farasi wa mbegu: anza kusoma tangazo kutoka chini

Papers Past ni hifadhi ya magazeti ya kale inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya New Zealand tangu 2001. Ni ya bure, haidai kujisajili, na inafunguka hata kwenye simu ya kawaida. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kutafuta na kuelewa matangazo ya farasi dume wenye nasaba waliotembezwa au kuwekwa mahali pamoja kwa ajili ya kupandisha, katika jamii za walowezi wakulima, kuanzia miaka ya 1840 hadi Vita Kuu ya Kwanza. Kwa kazi hiyo ni hifadhi bora sana. Lakini anayeingia na kuandika neno moja la farasi kisha akasubiri, atatoka mikono mitupu.

Matangazo haya yanastahili juhudi. Kabla ya trekta, farasi ndiye aliyelima, akavuta mkokoteni wa sufu na kumfikisha daktari kwa mgonjwa. Mkulima mdogo hakuwa na uwezo wa kununua dume aliyevushwa bahari kutoka Uskoti au Uingereza. Alichoweza kununua ni mbegu yake, na mahali pa kuilinganisha na ya dume mwingine palikuwa safu ya matangazo ya gazeti la wilaya: Otago Witness, Lyttelton Times, Taranaki Herald na mengine ya aina hiyo. Tangazo lilikuwa na kazi mbili. Nusu ya juu ilimsifu farasi, na nusu ya chini ilikuwa mkataba.

Tuanze na utafutaji. Usianze na neno "stallion" (farasi dume). Magazeti ya wakati ule yalipenda "entire" au "entire horse", yaani farasi asiyehasiwa, na neno hilo peke yake lina maana nyingine ya kawaida, hivyo litakuletea takataka nyingi. Weka maneno mawili matatu yanayoandamana: "to stand this season" (atakaa mahali pamoja msimu huu), "will travel" (atazunguka), au "groomage", yaani ada ya saisi, mtunza farasi. Hilo la mwisho ndilo ufunguo bora, maana halitumiki penginepo ila kwenye biashara hii. Kisha chuja mambo matatu: aina ya maandishi iwe matangazo, gazeti liwe la wilaya moja, na tarehe ziwe kati ya 1 Agosti na 31 Desemba. Msimu wa kupandisha kusini mwa ikweta huanza Septemba, na tangazo lilelile lilirudiwa wiki hadi wiki mpaka Desemba au Januari. Usijifunge na toleo moja. Wino ukiwa umefifia katika la kwanza, la wiki inayofuata huenda likasomeka vizuri.

Majina ya farasi ni mtego wa pekee. Mfano mzuri ni Musket, dume aliyeletwa New Zealand 1878 na kuwekwa Sylvia Park, Auckland, ambako 1885 alizaliwa mwanawe Carbine, bingwa wa Melbourne Cup, mbio kubwa za farasi za Australia, ya 1890. Andika "Musket" peke yake na utapata bunduki. Andika "Carbine" na utapata bunduki tena. Ongeza "Sylvia Park" na hapo farasi wanajitokeza. Neno "Young" mbele ya jina nalo liangaliwe kwa makini: "Young" fulani kwa kawaida ni mtoto wa fulani, si yeye mwenyewe akiwa kijana, na katika wilaya mbili jirani wanaweza kuwapo wawili wenye jina hilohilo. Watofautishe kwa rangi, umri na jina la mwenye farasi.

Ukishalipata tangazo, soma kuanzia chini. Huu ndio ushauri mkuu wa mapitio haya.

Chini ndiko kuna masharti. Utaona kiasi cha ada kwa ginea au pauni (ginea ni shilingi 21, pauni ni 20), kisha ada ya saisi, kwa kawaida shilingi 2 na peni 6 au shilingi 5, iliyolipwa papo hapo jike alipopandwa mara ya kwanza. Hiyo ilikuwa haki ya saisi hata jike asiposhika mimba. Halafu tazama ada kuu ni ya namna gani. Zilikuwapo tatu: ya pando moja, ya msimu mzima, na ya dhamana, yaani hulipi mpaka jike athibitike kushika mimba. Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Chukua mfano wa msimu kwa pauni 2 na shilingi 10, na dhamana kwa pauni 4. Mkulima mwenye majike 8 atalipa pauni 20 kwa msimu, washike mimba wasishike. Kwa dhamana, pauni 20 zitafikiwa tu wakishika watano. Wakishika wanne, dhamana ina nafuu. Wakishika sita, mwenye dume ndiye aliyefaidi. Kwa hiyo mwenye dume aliyetoa dhamana alikuwa anasema jambo kuhusu mbegu yake ambalo medali kumi haziwezi kusema. Sisi tunaanza kumwamini farasi hapo.

Dhamana nayo ilikuwa na milango ya nyuma, na tangazo huitaja kwa herufi ndogo. Jike aliyeuzwa au kubadilishwa alihesabiwa kuwa na mimba, na ada ikadaiwa yote. Mara nyingine hata jike aliyejaribiwa tu kwa dume, akakataa, alitozwa. Tarehe ya malipo ya ada ya msimu mara nyingi ilikuwa 1 Januari au karibu yake, kabla tumbo halijaonekana. Mimba ya farasi ni siku 340 hivi, na enzi hizo hapakuwa na kipimo cha kumhakikishia mkulima mapema. Maneno "kila uangalifu utachukuliwa, lakini hakuna dhima" yanarudi karibu kila tangazo la dume aliyekaa mahali pamoja. Maana yake ni kwamba jike wako akijikata kwenye waya wa uzio, akakanyagwa au akatoroka kwenye malisho ya mwenye dume, hasara ni yako, na bado utalipia malisho ya kila wiki, shilingi moja na nusu au mbili. Jike aliyekaa wiki 6 kwa shilingi 2 ameongeza shilingi 12 juu ya ada. Anayelinganisha bei za madume wawili bila kujumlisha malisho na ada ya saisi amelinganisha vitu viwili tofauti.

Juu ya masharti kuna ratiba, na hapa pana utajiri ambao wasomaji wengi hupita bila kuuona. Dume wa kuzunguka aliongozwa na saisi barabarani, Jumatatu yuko hoteli hii, Jumanne shamba lile, Jumatano kijiji cha ng'ambo ya mto. Swali ni moja: anarudi baada ya siku ngapi? Jike wa farasi huingia kwenye joto, yaani siku za kumkubali dume, kila siku 21 hivi, na joto hudumu siku 5 hadi 7. Dume anayepita kila wiki ana nafasi nzuri ya kumkuta. Anayepita kila wiki mbili humkuta katika siku tofauti za mzunguko, hivyo ndani ya wiki 6 kuna uwezekano mkubwa wa kukutana. Lakini anayerudi kila wiki 3 hasa ni hatari: akimkosa mara ya kwanza, atamkosa vivyo hivyo mara ya pili na ya tatu, kwa sababu hatua zao zinalingana. Jike aliyezaa hupata joto la kwanza siku ya 7 hadi 10 baada ya kuzaa, na kwa huyo ratiba isiyoaminika ni msimu uliopotea. Mvua ilifurisha mito isiyokuwa na madaraja, dume akachelewa siku tatu, na hesabu yote ikavurugika. Soma ratiba huku ramani ya mito iko mkononi.

Sasa nusu ya juu. Urefu hupimwa kwa viganja. Kiganja kimoja ni inchi 4. Kwa hiyo 16.2 si desimali, ni viganja 16 na inchi 2, yaani sentimita 168 hivi. Nasaba huanza na baba, kisha mama, kisha baba wa mama, na kuendelea. Udhaifu hujificha upande wa mama. Tangazo likitaja mababa wanne kwa majina na medali zao, halafu mama akaitwa tu "jike wa daraja la kwanza", nusu ya nasaba haijulikani. Angalia pia mwaka. Kwa farasi wa mbio, daftari la nasaba la Uingereza lilikwishachapishwa tangu miaka ya 1790, na dai lingeweza kupimwa. Kwa farasi wa kazi, chama cha Clydesdale kilianzishwa 1877 na daftari lake la kwanza likatoka 1878. Cha farasi wa Shire nacho ni cha 1878. Tangazo la 1865 linalosema "Clydesdale halisi" lilikuwa linategemea sifa ya mwenye farasi na macho ya mnunuzi. Huenda lilisema kweli, ila halikuwa na kitabu cha kulithibitisha. Na picha ile ndogo ya farasi pembeni isikudanganye: ni kibao cha kuchapia cha mchapishaji, kilichotumika kwa farasi yeyote, mwaka hadi mwaka.

Papers Past inang'ara hasa pale unapotaka kumpima farasi kwa habari za gazeti lenyewe. Badilisha kichujio kutoka matangazo kwenda makala, utafute gwaride la madume lililofanyika mjini mwanzo wa msimu, kisha maonyesho ya kilimo ya Oktoba na Novemba. Miaka mitatu baadaye tafuta jina lake kwenye minada: watoto wake walifika bei gani? Dume aliyesifiwa misimu minne bila mtoto hata mmoja kutajwa mnadani amekwisha kujieleza. Afya ndiyo sehemu ambayo matangazo hunyamaza. Kukoroma wakati wa kukimbia, uvimbe wa mifupa juu ya kwato, magonjwa ya macho, yote hayo yanaweza kurithiwa, na sheria ya Uingereza ya kuwapa leseni madume wanaozunguka ilikuja 1918.

Kwa msomaji wa kwetu kuna mambo mawili yanayogusa. Farasi wa Kiarabu wanaotajwa kuletwa Australia kutoka India walikuwa sehemu ya biashara ya Ghuba, farasi wakipakiwa majahazini kwenda Bombay kabla ya kuvuka tena. Na anayetaraji kuona ratiba za namna hii kotekote Kenya ya walowezi akumbuke maradhi ya farasi ya Kiafrika, yanayoenezwa na visubi na kuua farasi wengi mno wasio na kinga, pamoja na mbung'o. Kumtembeza dume wa thamani tambarare hadi tambarare kulikuwa kumpeleka kufa.

Kasoro za Papers Past ni mbili. Matangazo hayakutenganishwa moja moja: unaletewa safu nzima ya ukurasa, yenye jina kama "Page 1 Advertisements Column 3", na unapaswa kumtafuta farasi wako kati ya viazi na buti. Ya pili, maandishi yalisomwa na kompyuta kutoka kwenye filamu za magazeti, na herufi ndogo za matangazo ndizo zilizoumia zaidi. Neno lisipopatikana, tafuta jina la hoteli au la kijiji kwenye ratiba. Pakua PDF na usome picha yenyewe. Usinukuu maandishi ya kompyuta, hasa tarakimu za ada, kwani 3 na 8 hubadilishana.

Kwa Australia, tumia Trove, hifadhi ya Maktaba ya Taifa ya nchi hiyo, uanze na Maitland Mercury, gazeti la bonde la Hunter lililoanza 1843. Safu zake ni ndefu vilevile, lakini Trove ina jambo moja la kushukuru: msomaji anaruhusiwa kusahihisha maandishi. Ukikuta "Clydesdale" imesomwa "Clydcsdale", irekebishe hapo hapo, na anayekuja nyuma yako atampata farasi huyo kwa utafutaji mmoja.