“Ungebaki Nyumbani Ulee Wajukuu”: Uzoefu Wangu wa Safari ya Miguu Saanane na Rubondo

Nilijiambia nitasubiri hasira ziishe ndipo niandike. Wiki zimepita na hasira hazijaisha, kwa hiyo naandika nazo hivyo hivyo. Kampuni siitaji jina. Ofisi yao iko hapa Arusha mjini. Waliowahi kwenda nao watajua namsema nani, na ambaye hajaenda atajua la kuuliza kabla hajatoa hela yake.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku sita, kutembea kwa miguu kwenye hifadhi za visiwani Ziwa Victoria, Saanane kwanza halafu Rubondo. Tulikuwa watu kumi na wanne, karibu wote wa Arusha na Moshi. Sisi milima tumeizoea. Jumamosi mtu anakwenda Materuni, likizo anapanda Kilimanjaro hadi kambi ya Mandara na kurudi, mwenye pumzi anaukabili Meru. Sasa ukiambiwa kuna kisiwa kizima cha msitu, hakina simba wala chui, unatembea na mhifadhi mguu kwa mguu hadi ufukweni ambako mamba wanaota jua, utakataa? Nililipa kwa awamu tatu. Bibi, ambaye ndiye aliyenifanya niandike, alilipa kwa hela ya kikoba. Gawio lake la mwaka mzima lote lilikwenda hapo.

Bibi si bibi yangu wa kunizaa. Ni mwalimu mstaafu wa Machame, ana miaka sitini na saba, nilimkuta tu kwenye kosta alfajiri. Kabla hatujafika Makuyuni alikuwa ameshagawa ndizi mbivu kwa kila kiti, na kufika Babati hakuna aliyekuwa akimwita jina lingine. Alitusimulia kwamba amefundisha jiografia zaidi ya miaka thelathini, Ziwa Victoria amelichora ubaoni mpaka mkono unajua kona zake wenyewe, lakini hajawahi kutia hata kidole kwenye maji yake. Viatu alivinunua mwezi mmoja kabla na kila Jumapili alivivaa kwenda kanisani ili vilainike. Nataka msomaji amjue mtu huyu kwanza kabla sijafika Kasenda, kwenye boti ya kwenda Rubondo, ambako mambo yaliharibika.

Saanane sina neno baya. Kisiwa ni kidogo, dakika chache tu za boti kutoka Mwanza mjini, mawe makubwa yamepandana, pimbi wamejazana kwenye nyufa, mijusi ya vichwa vyekundu inakutazama kama umeingia kwake bila hodi. Eneo la hifadhi yote ni kilomita za mraba 2.18, kwa hiyo asubuhi moja unalimaliza. Palianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, pakawa hifadhi ya taifa 2013, na jina ni la Mzee Saanane aliyekuwa akiishi pale zamani. Bibi alipanda jiwe la juu kabisa, akatazama maji pande zote, akanyamaza muda mrefu. Siku ile ningewapa hawa watu nyota tano bila kupepesa macho.

Kesho yake tukavuka daraja jipya la Kigongo–Busisi, Sengerema, Geita, Chato, tukafika Kasenda saa sita mchana. Kasenda ndiko boti ya hifadhi inakochukulia watu wa Rubondo. Ratiba ilisema saa saba tuko majini.

Saa saba ikapita. Saa nane. Jua la pale halina huruma, na harufu ya dagaa ilikuwa imetukaa mpaka kwenye nguo. Kiongozi wa msafara, kijana wa kampuni, alikuwa anazunguka na simu. Kila aliyemuuliza alijibiwa, “Mfumo wa malipo unasumbua, subirini.” Tukasubiri, maana nani hajui mambo ya mfumo katika nchi hii? Saa tisa. Maji ya kunywa yakaisha. Bibi alikuwa amekalia begi lake, kitambaa cha kichwa amekishusha hadi kwenye nyusi. Hakulalamika hata mara moja. Ilipokaribia saa kumi akamwita yule kijana, kwa upole kabisa, akamuuliza, “Mwanangu, hasa tunasubiri nini?”

Kijana hakuinua macho kwenye simu. Akasema, “Bibi, kama umechoka ungebaki nyumbani ulee wajukuu.”

Palikuwa kimya. Watu wazima kumi na tatu tulikuwepo na hakuna aliyefungua mdomo, mimi nikiwemo, na hilo bado linanichoma. Bibi akasema, “Sawa, mwanangu.” Halafu akainama, akafungua kamba za viatu vyake, akazifunga upya. Zilikuwa zimefungwa vizuri tu. Alizifungua na kuzifunga, kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuweka mikono. Nikifumba macho naiona ile mikono.

Nikainuka nikaenda mwenyewe kwa maofisa wa hifadhi. Sikwenda kwa busara, nilikwenda nikitetemeka. Nikauliza mfumo utarudi lini. Ofisa akanitazama kwa mshangao. “Mama, mfumo unafanya kazi tangu asubuhi.” Akageuza kioo cha kompyuta nione. Jina la kampuni yetu lilikuwepo, idadi ya watu kumi na wanne ipo, kontrol namba, yaani namba ya kulipia, imetolewa, na mbele yake malipo hakuna. Hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hazipokei fedha taslimu langoni, kila kitu kinalipwa kwa mfumo, na mfumo haumfichi mtu. Hela zetu za viingilio, tulizotoa wiki nyingi kabla, hazikuwa zimefika kokote.

Kwa hiyo yule kijana alijua. Au tuseme alihisi, maana baadaye alidai ofisi ya Arusha ndiyo ilimwambia aseme mfumo unasumbua. Sawa, nakubali inawezekana, kijana wa watu kawekwa mbele bila hela na bosi hapokei simu, hata mimi ningechanganyikiwa. Lakini kuchanganyikiwa hakumfundishi mtu tusi. Lile neno hakuambiwa na ofisi. Lilitoka tumboni mwake mwenyewe.

Jioni ikaingia, boti haikuondoka, tukalala gesti kwa hela zetu. Usiku ule tukakaa tukachangishana, mwenye nyingi akamwekea asiye nayo, asubuhi tukalipa ile kontrol namba kwa simu. Risiti ilikuja kabla chai haijapoa. Siku nzima ya Rubondo ilipotea kwa jambo la dakika tatu.

Na Rubondo sasa. Hapa ndipo ninapokosa msimamo, kwa sababu ningependa kuwaambia msiende, na siwezi. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, hakuna kijiji, msitu umeshuka mpaka majini. Furukombe, yule tai mla samaki, analia juu ya kichwa chako asubuhi na jioni. Mhifadhi aliyetuchukua Kageye, makao ya hifadhi pale kisiwani, ambaye si mtu wa kampuni hata kidogo, alitutembeza kuanzia alfajiri na alikuwa anatembea kwa mwendo wa mtu wa nyuma kabisa, siyo wa mbele. Alipomwona Bibi akasema, “Shikamoo mama, wewe utatembea hapa karibu yangu uwe jicho langu la pili.” Basi. Hakuhitaji semina ya huduma kwa wateja kulijua hilo.

Ndiye aliyetusimulia habari za sokwe. Sokwe wa Rubondo si wenyeji. Waliletwa kati ya 1966 na 1969 na shirika la wanyama la Frankfurt, Ujerumani, kazi ya Bernhard Grzimek, huyo huyo ambaye sisi wa Arusha tunalipita kaburi lake na la mwanawe ukingoni mwa Ngorongoro. Walikuwa wametekwa Afrika Magharibi wakiwa wadogo, wakaishi kwenye vizimba Ulaya, kisha wakafunguliwa msituni hapa bila kufundishwa lolote. Wakajifunza wenyewe nini kinalika, wakajenga vitanda vya matawi juu ya miti, wakazaa. Bibi alisimama akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: waliwezaje kusahau kizimba? Mhifadhi akasema watoto wao hawakuwahi kukiona.

Hatukuwaona vizuri. Tuliona vitanda vyao, tukasikia kelele ambazo zilinisimamisha nywele za mikono, na kwa sekunde moja mkono mweusi ulivuta tawi ukapotea. Bibi aliokota tunda chini ya mti, limetafunwa nusu, bado lina mate. Akalishika kiganjani kama yai. Jioni kwenye nyasi za kinamasi akawa wa kwanza kumwona nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu, kabla ya vijana wenye darubini. Miguu? Hakumchelewesha mtu. Kulikuwa na kaka mmoja wa miaka thelathini aliyeomba kupumzika mara nne. Bibi hakuomba hata mara moja.

Na mpishi wa kampuni, kusema haki, sijapata kula vile safarini. Sato wa kupaka nazi, ndizi za kwetu alizobeba kutoka Moshi zikiwa mbichi kwa hesabu ili ziive siku ya pili ya Rubondo. Dereva naye alikuwa mwangalifu, barabara yote ile. Kwa hiyo pale bandani, usiku, viboko wanatafuna nyasi nje karibu na ukuta, nilijilaza nikasema moyoni: labda nyota tatu. Labda ni mtu mmoja tu, na kampuni ina watu wema.

Hata yule kijana mwenyewe nilianza kumlegezea. Asubuhi ya kuondoka alichukua begi la Bibi bila kuambiwa, akalibeba hadi kwenye boti. Nikasema pengine ndiyo namna yake ya kuomba radhi, wengine maneno hawana. Tukafika ng’ambo, tukapanda kosta, akasimama mbele akashika kiti, akasema kwa sauti, “Si mnaona? Mlikuwa mnanuna bure Kasenda, kumbe mmefurahi wote!” Watu wakacheka, wale wa nyuma. Bibi alikuwa anatazama dirishani.

Ile “mnanuna bure” iliniwasha upya. Nyota tatu zikarudi moja.

Tulipofika Arusha nikaenda ofisini. Dada wa mapokezi alikuwa na heshima, simlaumu. Meneja alinikaribisha kiti, akaniambia kulikuwa na “changamoto ya mzunguko wa fedha”. Maana yake kwa Kiswahili cha kawaida: hela zetu zililipia safari ya watu wengine, wakingoja za wengine zije zilipie yetu. Alisema atarudisha mchango wetu, na amerudisha, kila shilingi, ndani ya wiki mbili. Naliandika hili kwa sababu ni kweli na ni haki yao lisemwe. Hela ya gesti hawajarudisha. Siku iliyopotea wamenipa punguzo la asilimia 20 kwa safari nyingine, kama vile nimeonyesha hamu ya kusafiri nao tena.

Kuhusu Bibi nikamwomba kitu kimoja. Nikamwambia, hela ya Bibi sijaijia, naomba huyu kijana aende Machame akamwombe radhi. Meneja akatabasamu, akasema, “Dada, Bibi mwenyewe hajaleta malalamiko.”

Hajaleta. Nimefundishwa na walimu wa aina ya Bibi, na hawaleti malalamiko. Wanafunga kamba za viatu upya.

Kwa hiyo kama unataka kwenda Rubondo, nenda. Naomba sana uende, na ukipata nafasi Saanane pitia. Unaweza kuwasiliana na hifadhi moja kwa moja, mkajikusanya watu wenu, mkakodi kosta. Ukienda na kampuni, yoyote ile, iambie ikuonyeshe risiti ya kontrol namba ya viingilio kabla hujaondoka nyumbani, siyo ahadi, siyo picha ya fomu ya kuomba namba, risiti iliyolipwa. Na ukiambiwa mfumo unasumbua, nyanyuka uende dirishani mwenyewe. Mimi nilichelewa saa nne nzima kunyanyuka.

Kwa hii kampuni sijui niseme nini cha mwisho. Chakula tano, dereva tano, ofisi moja, na yule kijana sina nyota ya kumpa mpaka alipe deni lake. Mwezi uliopita nilipita Machame kumsalimia Bibi. Tunda lile la sokwe amelikausha, liko juu ya kabati pamoja na picha ya Saanane. Nikamuuliza kama kuna mtu yeyote kutoka Arusha amekuja. Akasema hapana, akanimiminia chai.

Kwetu Uchagani mtu akimkosea mkubwa anakata jani la sale, mmea wetu wa uzio na wa msamaha, analifunga fundo, anapeleka. Ukilipokea lazima usamehe, na Bibi angelipokea mlangoni kabla hata kijana hajamaliza salamu. Uzio wa kwa Bibi wote, kuanzia barabarani hadi kwenye migomba, ni masale matupu. Hata kutafuta jani asingehangaika, angechuma hapo hapo getini.