Gunia la rai na mfuko wenye picha ya pembe: mbegu za kulisha kulungu majira ya baridi, Iowa

Wewe unayewinda huku Iowa, Marekani, na unataka kulungu waendelee kuja shambani kwako hadi Januari, nenda duka la ushirika wa wakulima ukanunue gunia la rai ya majira ya baridi, nafaka iliyo ndugu wa ngano, uongeze tanipu kidogo, mmea wa jamii ya kabichi unaofanya kiazi. Ule mfuko wa rangi unaouzwa madukani kwa jina la chakula cha kulungu, wenye picha ya dume la pembe kubwa, uache palepale rafuni. Nimepanda zote mbili kwenye shamba moja, mwaka mmoja, upande kwa upande, makusudi nione pesa yangu inakwenda wapi.

Shamba lenyewe ni kona ya ekari moja kusini mwa Iowa, kati ya kijito na msitu wa mialoni, mahali ambapo kombaini inageuka kwa shida. Mwenyewe ni mzee wa Kimarekani anayelima mahindi na soya, na ile kona aliniachia niitumie. Kwetu Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo bunduki nimeijulia huku. Kilimo nilikuja nacho kutoka Kinangop.

Watu wengi wanapanda wakifikiria Oktoba na Novemba, madume yanapowafukuzia majike. Mimi nafikiria msimu wa mwisho wa gobore, ule unaofunguliwa Desemba na kufungwa Januari 10. Wakati huo mahindi na soya vimeshavunwa, matunda ya mialoni yameshaokotwa na kila mnyama, na ukitazama huku na huku unaona mabua matupu. Kulungu wa mkia mweupe anahitaji chakula cha kumtia joto mwilini, na hatoki msituni bila sababu. Ukiwa na kitu cha kijani au kiazi kilichobaki ardhini, wewe ndiye mwenye kulungu. Sheria nayo iko wazi: kumwaga mahindi chini ili uwinde juu yake hairuhusiwi Iowa, lakini zao ulilopanda likaota ni kilimo kama kilimo kingine.

Sasa mfuko. Ulikuwa wa paundi 10, dola 50, na maelezo yaliahidi nusu ekari ya malisho hadi mwisho wa msimu. Mbele kuna picha. Nyuma, chini kabisa, kwa maandishi madogo, kuna lebo ya uchambuzi ambayo sheria ya Marekani inamtaka muuzaji aiweke, na hiyo ndiyo ya kusoma. Wangu ulisema hivi: asilimia 34 si mbegu. Ni lile koti la rangi linalopakwa juu ya mbegu, na unalilipia kwa uzito. Zaidi ya paundi tatu za vumbi gumu! Kisha asilimia 30 ni raigrasi, nyasi ya mwaka mmoja. Iliyobaki, kama paundi tatu na nusu, ndiyo tanipu, figili na jamaa zao, yaani kile ambacho kulungu anakitafuta. Piga hesabu: ni kama dola 14 kwa kila paundi ya mbegu yenye maana. Dukani kwa ushirika tanipu ya kawaida, ile yenye kichwa cha zambarau, nilipimiwa kwa chini ya dola 4 paundi.

Nisiwadhulumu. Mbegu zilizopakwa zinateleza vizuri kwenye mashine ya mkono ya kumwagia, na rangi inakuonyesha mahali umepita. Zilichipuka zote, tena kwa kasi. Kwa macho ya Septemba ule upande ulikuwa mzuri kuliko wangu, umejaa, hauna udongo unaoonekana. Lakini kilichojaa kilikuwa raigrasi.

Raigrasi si rai, na majina haya yamewachanganya wengi. Raigrasi ni nyasi ya malisho ambayo ng'ombe wa maziwa anaipenda. Kulungu anaipita akitafuta kitu kitamu zaidi, na ukiiacha ikatoa mbegu itakusumbua miaka. Rai ni nafaka, ndugu wa ngano, na ile ya majira ya baridi inaota hata udongo ukikaribia nyuzi 1 za Selsiasi. Inataka karibu paundi 100 kwa ekari ukiimwaga juu, kwa hiyo gunia moja la paundi 50 lilinitosha nusu ekari. Nililipa dola 22.

Matayarisho yalikuwa sawa pande zote: dawa ya magugu Julai, chokaa ya shamba kwa sababu udongo ulipimwa ukaonekana una asidi, kisha haro nyepesi ya kulainisha udongo. Mwanzoni mwa Agosti niliweka mfuko upande wa kijito. Upande wa msitu niliweka tanipu peke yake, paundi mbili tu, kwa sababu mbegu ni ndogo mno na ukizijaza zinabanana hazifanyi kiazi. Usizifukie, nusu sentimita inatosha, pitisha rola zishike udongo basi. Pande zote zilipata mbolea ya yuria mvua ilipokaribia. Mapema Septemba nikamwaga rai juu ya majani ya tanipu yaliyosimama, siku mvua iko njiani. Punje inaanguka kati ya majani, inapata kivuli na unyevu, inajiotea.

Kila upande niliweka kizimba cha wavu wa waya, duara la kama mita moja, kulungu asiingize mdomo. Hicho ndicho kipimo pekee ninachokiamini, kwa kuwa bila kizimba huwezi kujua kama mmea ni mfupi kwa sababu umeliwa au kwa sababu haukukua. Novemba upande wa mfuko, ndani na nje ya waya raigrasi ilikuwa karibu sawa. Figili zilikuwa zimeng'olewa mapema, na baridi kali ilipopiga zilizobaki ziliyeyuka zikanuka. Upande wangu, ndani ya waya rai ilinifika gotini, na nje ilikuwa imenyolewa ikabaki vidole viwili.

Tanipu waliziacha kwanza. Anayejua kabichi haitamshangaza: sakitu, ile baridi ya kugandisha umande, ikishapiga, mmea wa jamii hii unaongeza sukari kwenye majani yake ili usigande, na ladha inabadilika. Baada ya sakitu chache mfululizo majani yote yakaisha. Vikabaki viazi, nusu juu ya udongo, zambarau mabegani na vyeupe chini.

Theluji ilipokuja ndipo tofauti ilipoonekana hata kwa asiyelima. Rafiki yangu wa Uvira, tunayewinda naye, alisimama pembeni akaniambia, "Kaka, tazama, wamelima hawa!" Upande wa kijito theluji ililala safi, imekatwa na nyayo chache za kupita. Upande wa msitu ilikuwa imechimbuliwa kila mahali kwa kwato, udongo mweusi juu ya theluji, viazi vimegugunwa kutoka juu vikabaki ganda lenye alama za meno ya chini. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo anakwangua, na mikwaruzo ile inaonekana wazi ukiokota kiazi. Chini ya theluji rai bado ilikuwa kijani. Siku jua likichomoza kidogo walikuwa wanatoka msituni saa kumi jioni, mwanga ungalipo, na hilo kwa mwenye gobore la risasi moja ni jambo kubwa.

Ukiwa na ekari nyingi na uzio wa kuzuia mpaka Desemba, soya iliyoachwa imesimama itaishinda rai. Kwenye kishamba kidogo kama changu kulungu wanaimaliza soya ingali majani, kwa hiyo sikuipanda.

Kabla hujalipa, omba kuona tarehe ya kipimo cha uotaji kwenye gunia, uchukue la mwaka huohuo. Tanipu usiirudishe mahali palepale mwaka baada ya mwaka, maana magonjwa ya mizizi ya jamii ya kabichi yanakaa udongoni. Mimi mwaka huu naihamishia upande wa kijito. Na rai ukifika mwezi wa tano ikate kabla haijatoa mbegu, maana inapanda mpaka usawa wa kifua, na ikikomaa mabua yake yanakuwa magumu mno kuyashughulikia.